Tangi la matumbawe nyumbani Tanga: chumvi unayo, kazi ni joto, maji ya kujazia na umeme

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Sahare, Tanga. Fundi wa vioo amenitengenezea tangi la sentimita 100 kwa 50, kimo 45. Nataka kufuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe. Kwa kuwa bahari iko mlangoni, nafikiria nichote maji, nichukue mawe yenye uhai (yaliyoota viumbe vidogo) mwambani, nitafute samaki wadogo kwa wavuvi, basi. Wengine wananiambia bila chumvi maalumu ya kutoka nje siwezi. Nianzie wapi, na nisubiri muda gani kabla ya kutia viumbe?

Jibu: Marahaba. Nusu ya mpango wako ni mzuri. Maji chota, na ukichota vizuri utakuwa na maji bora kuliko ya mtu wa Dodoma anayekoroga chumvi ya ndoo. Lakini mawe na matumbawe yaache yalipo. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, inafuata pwani kuanzia kaskazini ya mdomo wa mto Pangani hadi upande wa kaskazini wa jiji, kwa hiyo mwamba unaoufikiria kuna uwezekano mkubwa umo ndani yake. Matumbawe magumu yamo pia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake hata yakitoka nchi nyingine lazima yaje na karatasi zake. Kuhusu samaki wa pambo, pita kwanza ofisi ya uvuvi uulize kibali, kisha nunua kwa mwenye leseni. Usimwagize mvuvi akuletee chochote kilichonasa kwenye dema.

Nakujibu nikichukulia kwamba tangi ni jipya na bado halijatiwa maji.

Kabla ya maji, kagua kioo. Kwa kimo cha sentimita 45 na urefu wa mita moja, kioo kiwe cha milimita 10. Kama fundi ametumia cha milimita 6 kwa sababu ndicho kilichokuwepo dukani, mrudishie. Muulize pia silikoni gani katumia. Inayofaa ni ile ya wazi inayonuka siki wakati inakauka, isiyo na dawa ya ukungu. Silikoni ya bafuni huwa na dawa hiyo, na dawa hiyo huua kamba na matumbawe polepole bila wewe kujua kinachowaua. Acha siku saba ikauke, kisha jaza maji ya bomba tangi likiwa barazani, ukae nalo siku tatu. Ukiona tone, ni afadhali ulione huko kuliko sebuleni.

Tangi lako likijaa pomoni ni lita 225, ila ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu utabaki na lita 180 hivi za maji. Hesabu zote hapa chini ni za lita 180. Uzito wote, pamoja na kioo na mawe, unakaribia kilo 280, kwa hiyo kabati la mbao za vipande halifai. Chomelea meza ya chuma, ipake rangi mara mbili kwa sababu matone ya chumvi huila, ipime kwa pimamaji, na utandike shuka la povu gumu kati ya meza na kioo. Usiliweke karibu na dirisha. Jua la saa tisa alasiri litakupa joto na mwani kwa pamoja.

Maji ya bahari

Usichote maji ufukweni wala ndani ya ghuba. Mto Zigi na mto Mkulumuzi humwaga maji huko, bandari iko huko, na mifereji ya mji huishia huko. Lipa ngalawa au boti ikutoe nje, uchote wakati maji yamejaa, maana ndipo maji ya bahari kuu yanapokuwa yameingia. Ukiwa hapo hapo chomboni, dondoshea tone kwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Chumvi iwe gramu 34 hadi 36 kwa lita. Ikisoma 30, mwambie nahodha aende mbele zaidi au mrudi siku nyingine.

Lita 180 ni madumu tisa ya lita 20. Tumia madumu ya mafuta ya kula yaliyosafishwa sawasawa au mapya. Mapipa ya buluu yanayouzwa mitaani mengi yalibeba kemikali, na muuzaji hawezi kukuthibitishia ni ipi.

Maji mabichi ya bahari yana mayai, vijidudu na vimelea. Njia rahisi ni kuyapitisha kwenye kichujio cha mikroni 5, kisha kuyaua kwa klorini humo humo ndani ya pipa, kamwe si ndani ya tangi. Chukua dawa ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato wala sabuni, yenye hipokloriti asilimia 3.5, mililita 30 kwa kila lita 100 za maji. Washa pampu ya hewa masaa 24. Kisha tia sodiamu thayosalfeti gramu 7 kwa lita 100, acha masaa machache, upime kwa vidonge vya kupimia klorini ya bwawa la kuogelea. Kama rangi inaonekana hata kidogo, ongeza kidogo usubiri tena.

Masika ndiyo mtihani. Kuanzia Machi hadi Mei mito huleta tope na maji matamu, na huenda usipate maji mazuri kwa majuma mengi. Utakuwa ukibadilisha lita 18 kila juma, na majuma 13 ni lita 234. Kwa hiyo mwezi wa pili, wakati kaskazi bado inavuma na maji ni maangavu, jaza mapipa mawili ya lita 120, uyatibu, uyafunike yakae gizani.

Kuna anayejaribu kupunguza kazi kwa kununua chumvi ya mashamba yetu ya chumvi na kuikoroga. Haifai, na sababu ni jinsi inavyotengenezwa. Maji ya bahari yakikauka shambani, chokaa na jasi hutangulia kuganda, ndipo chumvi ya kula inafuata, na yale maji machungu yanayobaki mwisho, yenye magnesiamu na potasiamu, humwagwa. Unachonunua ni chumvi safi ya chakula. Tumbawe linahitaji kalisi miligramu 420 kwa lita na magnesiamu kama 1,300, na hivyo vyote vilibaki shambani. Chumvi ya ndoo ya akwariamu inafanya kazi vizuri, ila ni ghali, na kwako iwe akiba ya dharura tu.

Maji ya kujazia

Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Kinachopaa tangini ni maji, chumvi inabaki. Tangi lako litapoteza lita 3 hivi kwa siku, na zaidi ukiwa na feni. Ukiacha siku saba bila kujazia, lita 21 zimekwenda, na chumvi iliyokuwa 35 sasa inakaribia 40. Ukijazia kwa maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Kwa hiyo unajazia kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku, mpaka kwenye alama uliyoichora kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kioo. Swichi ya boya inayowasha pampu ndogo yenyewe itakuokoa siku ukisafiri.

Maji gani? Ya bomba letu hutoka bwawa la Mabayani yakiwa yametiwa klorini, na hubeba madini na fosfeti zinazolisha mwani. Maji ya mvua yangefaa kama yasingepita kwenye bati. Bati lina zinki, na zinki huua konokono na kamba. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita kwenye mabomba ya shaba, nayo shaba ni mbaya zaidi. Ya chupa ya kunywa mara nyingi yamerudishiwa madini kwa ajili ya ladha. Kilicho salama ni maji yaliyopita kwenye kichujio cha osmosisi (utando unaozuia chumvi na madini) kisha kwenye resini (chembe zinazonasa madini yaliyosalia), yakisoma sifuri kwenye kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini. Kama mtaani kwenu kuna wanaouza maji ya osmosisi, nenda na kipimo chako mwenyewe. Kinagharimu kidogo na hakina aibu. Kikisoma zaidi ya 10, nunua resini uyapitishe tena nyumbani.

Mawe na mchanga

Badala ya mawe yenye uhai tumia mawe makavu. Pwani yetu imejaa matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, mepesi na yenye matundu. Kilo 20 zinakutosha. Chagua yasiyo na udongo mwekundu ndani, sugua kwa brashi, lowesha kwenye pipa kwa mwezi mzima ukibadilisha maji kila juma, na juma la mwisho upime fosfeti. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, endelea kulowesha. Usichukue mawe ya nyumba zilizobomoka, kwa sababu yana lipu na rangi. Magofu ya Tongoni na mengine kama hayo usiyasogelee kabisa, ni mali ya kale inayolindwa.

Panga mawe juu ya kioo kitupu, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukianza na mchanga, siku mnyama akichimba chini yake mnara wote unaanguka. Mchanga uwe wa makombe na matumbawe, kina sentimita 2 hadi 3, usizidi. Kuujua mchanga, weka kijiko kimoja kwenye kikombe cha siki. Ukitoa povu ni chokaa, unafaa. Ukinyamaza ni mchanga wa mto. Mchanga wa fukwe zilizo karibu na midomo ya mito huwa wa namna hiyo ya pili, na kuuzoa popote ni jambo la kuuliza serikali ya mtaa kwanza.

Kusubiri

Uliuliza muda. Majuma manne hadi sita kabla ya samaki wa kwanza, miezi mitatu kabla ya tumbawe la kwanza laini. Unachosubiri ni bakteria. Kinyesi na chakula hutoa amonia, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kundi jingine huigeuza kuwa naitreti ambayo madhara yake ni madogo. Kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake ni kama 8.2, amonia huwa na sumu kali kuliko kwenye maji matamu, kwa hiyo ule mtindo wa kutia samaki mmoja wa kujaribia ni kumchoma moto.

Tia kamba mbichi mmoja kwenye kipande cha soksi nyembamba, umwache aoze. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia ikifika miligramu 2 kwa lita, mtoe. Itashuka, naitraiti itapanda, kisha nayo itashuka. Usihangaike kupima naitreti wakati naitraiti bado ipo juu, kwa sababu vipimo vingi huichanganya vikakuonyesha namba ya uongo. Zote mbili zikisoma sifuri, rudisha amonia kwenye 1. Ikiisha ndani ya masaa 24, tangi liko tayari. Badilisha theluthi ya maji. Taa zibaki zimezimwa muda wote huo, maana hakuna anayezihitaji isipokuwa mwani.

Joto na umeme

Vitabu vya Ulaya vitakuambia ununue hita. Wewe huihitaji, labda usiku wa Julai kusi ikivuma, na hata hapo si lazima. Lengo ni nyuzi 26 hadi 28. Viumbe wengi huanza kuteseka joto likikaa juu ya 30, na matumbawe hufukuza mwani ulio ndani ya nyama yake yakabaki meupe. Ndicho kilichotokea katika miamba mingi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998.

Feni mbili ndogo za kompyuta zinazopuliza juu ya maji hushusha joto kwa kuyafanya yapae. Lakini hewa ya Tanga imejaa unyevu, na hewa yenye unyevu haipokei mvuke upesi. Tarajia kupungua nyuzi 1 hadi 2, si 4 kama wanavyosema wanaoishi kwenye hewa kavu. Kwa hiyo fanya mengine pia: fungua mfuniko uweke wavu badala yake, acha dirisha la chumba wazi, washa taa jioni hadi usiku badala ya mchana, na chagua pampu za umeme mdogo kwa sababu kila wati inayoingia majini hugeuka joto. Kama Februari bado kipimo kinasoma 31, hapo ni mashine ya kupoza maji, na ujue mapema kwamba bili ya umeme itaijua.

Mwendo wa maji uwe lita 3,600 kwa saa au zaidi, yaani mara 20 ya tangi. Nunua pampu mbili za mawimbi za lita 2,000, moja kila upande, zikitazamana kwa mshazari. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, chagua iliyoandikiwa lita 300. Taa ya LED ya matumbawe, masaa 8 kwa siku, nusu ya nguvu mwezi wa kwanza tangu uanze kuiwasha.

Sasa umeme. Maji ya bahari ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kama miligramu 6.4 tu kwa lita hata yakiwa yamejaa kabisa. Pampu zikisimama usiku, samaki, matumbawe na bakteria wote wanavuta kutoka akiba hiyo hiyo. Tangi lenye viumbe wengi linaweza kufa kabla hujaamka. Cha chini kabisa ni pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Kizuri zaidi ni inveta na betri ya umeme wa jua ya Ah 100. Betri hiyo ya volti 12 ina wati-saa 1,200, nusu yake ndiyo unayopaswa kutumia ili isife mapema, na pampu moja ya wati 20 itakwenda karibu siku nzima. Usiunganishe taa wala skima humo. Tangi lako halina tangi la chini, yaani lile la pili la kuchujia linalokaa chini ya tangi kuu, nalo libaki hivyo kwa sasa. Mwenye tangi la chini, umeme ukikatika maji yote yaliyo juu ya mdomo wa bomba hurudi chini, na kama hakuacha nafasi atayakuta sakafuni.

Kila waya unaokwenda kwenye soketi uuache uning'inie chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone likitiririka lidondokee sakafuni. Soketi zote zipite kwenye swichi inayokata umeme ukivuja.

Viumbe

Anza na konokono wala-mwani watano au sita. Baada ya juma moja, samaki klauni wawili wadogo. Bahari yetu ina aina mbili, Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi, ila hata wale wa shambani wa kutoka nje wanafaa, na hawahitaji anemoni. Anemoni usiinunue mwaka wa kwanza, hutembea, hujitosa kwenye pampu, na ikifa inaharibu maji yote usiku mmoja. Majuma matatu baadaye ongeza gobi mmoja, samaki mdogo wa chini, kisha kamba msafishaji. Hapo umefika, samaki watatu au wanne kwa lita 180.

Watakaokuletea shida ni wale wanaovutia macho. Kangaja hukua zaidi ya kiganja na huhitaji tangi la mita mbili. Kikande atakula kamba na konokono wako. Vitatange wengi hula matumbawe, na wakikosa hufa njaa mbele ya chakula cha kopo. Bunju na jongoo bahari wakifa wanaweza kuwatia sumu wenzao. Kiti cha pweza chekundu chenye vinundu, kile ambacho watoto huokota maji yakipwa, hula matumbawe laini.

Kila samaki mpya akae peke yake siku 30 kwenye beseni lenye pampu ya hewa na kipande cha bomba la kujifichia. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Dawa yake ya shaba huwezi kuitia kwenye tangi lenye matumbawe. Kikishaingia, inabidi utoe samaki wote na uliache tangi bila samaki siku 76.

Matumbawe laini ya kuanzia ni lile liitwalo uyoga na jingine liitwalo Sarcophyton. Zoanthus nayo ni rahisi kufuga, lakini aina kadhaa zina palitoksini, sumu hatari kwa binadamu. Vaa glavu na miwani ukilishika, na kamwe usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lenye viumbe hao, kwa sababu mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

Jambo moja la nyumba zetu: dawa ya mbu ya kupuliza. Sumu yake hulenga wadudu, na kamba ni ndugu wa karibu wa wadudu. Pampu ya hewa huivuta chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi kitumie chandarua na wavu dirishani.

Kazi ya kila juma haizidi saa moja. Badilisha lita 18, futa kioo, osha kikombe cha skima, pima chumvi, KH (kipimo cha alkali ya maji) na naitreti. KH iwe kati ya 8 na 9. Ikishuka, gramu 5.4 za bekingi soda zilizoyeyushwa kwenye maji ya osmosisi huipandisha kwa 1 katika lita 180. Usipandishe zaidi ya hapo kwa siku moja. Bekingi soda tu, si bekingi pauda, na wala si magadi ya sokoni. Naitreti ikae miligramu 2 hadi 10 kwa lita. Mwezi wa pili tangu uanze utaona ukungu wa kahawia kila mahali, ni mwani wa daiatomu, utaondoka wenyewe. Manyoya ya kijani yakifuata, punguza chakula kabla hujanunua dawa yoyote, kwani mara nyingi unalisha mara mbili ya wanachomaliza kwa dakika mbili.

Matumbawe magumu yaache mpaka uone KH imekaa bila kuyumba miezi mitatu mfululizo, ukiwa umepita Februari moja na masika moja.